Hapo Sikuamini

Tegeta, Dar es Salaam
Jumapili, 25 Julai 1999

Dada Osmunda,

Shikamoo. Ni mwaka wa sita sasa tangu nipande lori la kahawa pale Mbinga, nawe ukasimama chini ukinishikia viatu hadi nilipopata pa kukaa juu ya magunia, ukanirushia kimoja kimoja. Mama hajambo? Miguu yake imepungua kuvimba, au bado anaikanda kwa maji ya chumvi kila asubuhi? Shemeji Kristofa na watoto je? Na kahawa imezaa mwaka huu, au ule ugonjwa wa majani umerudi? Najua huu ni wakati wa kuchuma na mikono haitoshi. Nilisema ningekuwepo. Sipo.

Katika barua zangu zote, hapa ndipo nilipokuwa nikiandika kwamba mimi ni mzima wa afya na wasiwasi wangu ni kwenu tu. Leo nimeiacha sentensi hiyo kwa makusudi. Kifua kinanibana tangu masika. Nikikohoa natoa kitu cha kijivu, na nimekonda kiasi kwamba mkanda wa marehemu Baba nimeutoboa tundu jingine kwa msumari. Usimsomee Mama sehemu hii. Lakini wewe isome, maana kuna mama mmoja aliyenifanya nione haya kuwaandikia uongo, na nimekaa leo nikueleze habari zake.

Kazi yangu ni ileile, kupakia saruji kwenye malori huku Wazo. Nilikwambia nimeajiriwa. Sijaajiriwa, Dada. Sie vibarua tunasimama kando ya barabara alfajiri, mwenye lori akija anatutazama migongo, anachagua. Siku akichagua wengine, narudi chumbani na kulala. Siku akinichagua, narudi na vumbi hadi kwenye kope, na nikinawa uso, maji ya kwanza yanakuwa kama uji. Hakuna mtu huku anayekuuliza unafikiri nini. Wanakuuliza kama unaweza mfuko mmoja zaidi.

Sasa, mwaka juzi fundi mmoja alinichukua nikabebe tofali Kinondoni, kwenye duka lililokuwa linaongezwa chumba. Ni duka la kompyuta. Mashine yenyewe inafanana na televisheni, mtu anaandika barua humo, akibonyeza inafika Uarabuni kabla hajainuka kwenye kiti. Usiniulize inapita wapi, mie mwenyewe nimeuliza na sikuelewa. Msimamizi wa duka ni dada mmoja wa Kinondoni hapohapo, anaitwa Shamimu. Nilimkuta anasoma kwenye kile kioo huku anacheka peke yake. Nikasimama na tofali begani.

"Dada, kuna nini humo?"

"Hadithi," akasema. "Watu wanaandikiana."

"Nisomee basi."

"Weka chini tofali kwanza, litakuvunja shingo unipe kesi."

Akanisomea. Ilikuwa habari ya mama mmoja wa Temeke na mti wa ndimu ulioota kando ya bafu lake la nje, na namna majirani wanavyokuja kuomba ndimu wakabaki kusengenya hadi jioni. Ilipokatika nikauliza ikawaje, akasema mwenyewe ataleta nyingine wiki ijayo. Kazi ya tofali iliisha, lakini wiki iliyofuata nilirudi kusikiliza.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kile kikundi. Wenyewe wanakiita Kijiweni. Ni Waswahili waliotawanyika kila mahali, wanaoandika hadithi na mashairi na kutumiana kwa kompyuta, kila mmoja akipeleka chake kinawafikia wote. Hakuna anayetumia jina la nyumbani. Yupo Muskati, mtu wa Tanga anayefanya kazi huko Uarabuni. Yupo Baridi, kijana wa Moshi aliyetuambia anasoma Ujerumani. Huyu wa mti wa ndimu tulimwita Mama Ndimu. Mie nikawa Saruji. Nilikuwa naandika kwa kalamu kwenye karatasi za mifuko ya saruji, upande wa ndani usio na maandishi, nampelekea Shamimu, naye ananipigia kwenye mashine duka likiwa tupu. Majibu ananitolea kwenye karatasi. Wewe unajua niliishia darasa la sita. Sikudhani kuna mtu angesoma kitu changu.

Wana desturi moja, na ndiyo iliyoleta yote haya. Kijiweni hakuna kusifiana. Ukimaliza kusoma kazi ya mwenzio, unatafuta pale ulipoacha kumwamini, unamwandikia: "Hapo sikuamini." Basi. Mara yangu ya kwanza niliandika habari ya kupakia malori, nikasema nikimaliza sichoki kwa sababu nimezoea. Wote wakanijia: hapo hatukuamini. Dada, nilikaa na ile karatasi kama mtu aliyepewa zawadi. Tangu nifike Dar hakuna aliyenisoma hadi mwisho, sembuse kugundua kwamba nimechoka. Nikaandika upya, nikasema nachoka. Muskati akajibu neno moja, "Naam."

Mama Ndimu alikuwa bora kuliko wote. Zamani alikuwa mpiga taipu katika shirika moja la serikali, hadi mashirika yalipoanza kuuzwa na watu wakapunguzwa, yeye na mumewe kwa mpigo. Haya yote tuliyajua kutokana na hadithi zake. Tulipaswa kujua tangu hapo kwamba mtu huyu habuni. Mashine ya kusaga karibu na kwake, dirisha lake la buluu, mume anayeshinda amevaa viatu vya kazini ingawa kazi haipo. Tulisoma tukasema anajua kutunga.

Mwaka huu baada ya Ramadhani alikaa kimya muda mrefu. Masika yalipoanza ikaja hadithi yake mpya, fupi kuliko zote. Ni habari ya mjane. Siku ya arobaini ya mumewe, watu wangali kwenye mikeka wanakula pilau, shemeji mkubwa ananawa mikono, anajifuta vizuri, anatoa kitasa kipya na bisibisi kwenye mfuko wa kanzu, anaanza kubadili kitasa cha mlango wa mbele. Wageni wanadhani anatengeneza kilichoharibika. Mmoja hata anainuka kumshikia mlango usichezecheze. Akimaliza anamwambia mjane, "Shemeji, mambo ya marehemu tumeyamaliza. Bado ya nyumba." Jioni vyombo vya mjane viko nje chini ya mti, na mvua inaanza.

Shamimu alinisomea hiyo hadithi na majibu yake kwa pamoja, kwa sababu wiki hizo nilikuwa nimepata malori na sikushuka Kinondoni. Baridi alikuwa ameandika: "Hapo sikuamini. Mtu mwenye nia mbaya hafanyi mbele ya wageni." Mama mmoja wa Mombasa alisema yule mgeni anayeshika mlango amezidi, aondolewe. Muskati aliandika kirefu kidogo: "Hapo sikuamini. Mjane yuko eda. Hakuna Mwislamu wa Pwani atakayemtoa nje mwanamke wa eda. Rekebisha dada, mfanye shemeji angoje eda iishe."

Nikamuuliza Shamimu eda ni nini. Akanieleza kwamba kwao mwanamke akifiwa na mume anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki isipokuwa kwa dharura, hajipambi, hakai na wanaume wasio ndugu zake, na nyumba aliyofiwa ndiyo anayokaa.

"Kwa hiyo mtu hawezi kumtoa?"

"Hawezi. Yaani, ni aibu kubwa, Hilmari. Ndiyo maana wenzetu hawakuamini."

Mie sikuandika kitu. Sikuwa na la kusema juu ya mambo nisiyoyajua. Na yeye Mama Ndimu alikuwa amewajibu wote kwa mstari mmoja: "Ahsanteni kwa kusoma. Nitarekebisha."

Halafu kimya. Wiki zikapita. Wengine walitania kwamba amesusa. Shamimu ndiye aliyeanza kukosa raha. Siku moja nilimkuta amezitoa hadithi zote za Mama Ndimu kwenye karatasi, amezipanga mezani. Akaniambia, "Hebu nionyeshe hapa ni wapi amewahi kutunga." Tukatafuta. Hatukuona. Aliwaandikia wenzake swali hilohilo. Jibu la kwanza lilitoka kwa Muskati: "Ya Rabi. Tumemwambia arekebishe."

Dada, sijawahi kuona watu wakihangaika vile kwa ajili ya mtu wasiyemjua jina. Kila siku zilikuja barua, nyingine za kurasa mbili tatu. Waliomba radhi, walimwombea, walimwandikia kana kwamba anasoma. Lakini barua zote zilikuwa zinakwenda kwenye anuani ileile ya kompyuta ambayo haifungui mtu. Jina lake la kweli hakuna aliyelijua. Mtaa hakuna aliyeujua. Na katika wote, wenye miguu ya kutembea Temeke tulikuwa mimi na Shamimu tu, naye Shamimu mumewe hamruhusu. Wakaniandikia mimi: "Saruji, mtafute."

Nilikwenda siku ya Jumapili, mvua inanyesha, na bahasha ya barua zao ndani ya nailoni. Sikuwa na jina la kuuliza. Nilikuwa na mti wa ndimu, mashine ya kusaga na dirisha la buluu. Nilianzia Tandika nikaja juu, kila mashine ya kusaga ninayoisikia naifuata. Mahali pamoja vijana waliojikinga mvua chini ya kibaraza waliniita.

"Braza, unatafuta nini mbona unachungulia mabafu ya watu?"

"Natafuta nyumba yenye mti wa ndimu."

"Una mafua?"

"Hapana."

"Sasa ndimu si zipo sokoni? Huyu ametumwa na mke mwenye mimba," mwingine akasema, wakacheka wote. Nami nikacheka, maana ningewaeleza nini?

Mwenye mashine ndiye aliyenisaidia. Alinitazama muda, unga umemjaa kwenye nyusi kama mie siku za kazi, akasema, "Huo mti umekatwa. Wameukata wale ndugu zake marehemu, wanataka kujenga fremu za maduka. Unamtaka mama? Mama hayupo." Akanionyesha kwa kidole. Dirisha lilikuwa la buluu kweli. Kitasa cha mlango kilikuwa kipya, kinang'aa, na mlango wenyewe wa zamani. Nilisimama pale nikakitazama kile kitasa, Dada. Kila kitu kilikuwa vilevile alivyoandika.

Nikamuuliza yule mwenye mashine kama alikuwepo siku ya arobaini. Akageuza uso akaanza kukung'uta gunia. Akasema, "Mimi ndiye niliyeshika mlango. Nilidhani anatengeneza."

Yeye ndiye aliyenielekeza Segerea, kwa mwanamke anayeuza mkaa, aliyewahi kufanya kazi na Mama Ndimu. Nilikwenda Jumapili iliyofuata. Huyo muuza mkaa, Mama Bahati, alinihoji mlangoni mpaka akachoka, kisha akanipeleka uani. Mama Ndimu alikuwa anamalizia eda yake kwenye stoo ya mkaa. Walikuwa wamesukuma magunia upande mmoja, wakatandika mkeka upande wa pili, na mlangoni wametundika kanga. Mimi si ndugu yake, kwa hiyo nikapewa kigoda nje, yeye ndani, kanga katikati. Sikumwona uso. Sijamwona hadi leo. Nimemjua kwa maneno tu, kama mwanzo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani?"

"Saruji."

Akasema, "Yule anayechoka."

"Ndiye mimi."

"Umenipataje?"

Nikamweleza. Hata habari ya mti kukatwa nilimwambia. Nikamwambia wenzetu wamemwandikia, nimsomee? Akasema soma. Nilianza na Muskati, aliyeandika kwamba hajalala tangu ajue, na kwamba popote alipo yeye mlango wake uko wazi kwa dada yake. Nilisoma vizuri, polepole, kama nilivyokuwa nikisoma somo kanisani Litembo. Nilipomaliza nikangoja.

Akakohoa ule mkaa. Akasema, "Hapo sikuamini."

Nikasoma ya Baridi, aliyesema akimaliza masomo yake atarudi awe mwanasheria, kesi yake ya kwanza iwe ya nyumba hiyo. "Hapo sikuamini." Nikasoma ya mama wa Mombasa, aliyesema sie wote ni ndugu wa tumbo moja. "Hapo sikuamini." Hakuwa na hasira, Dada. Ingekuwa hasira ningeweza kuistahimili. Alisema kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea, kwa sauti ya uchovu, mstari baada ya mstari, mpaka bahasha ikaisha.

Nilikuwa sina barua yangu humo. Nikaona aibu, nikasema kile kilichokuwa moyoni. "Mama, mie nina chumba Tegeta. Si kikubwa lakini hakina mkaa. Njoo ukae, mimi nitalala kwa wenzangu."

Nikamsikia anacheka kidogo, kicheko chenye vumbi. "Mwanangu, mwanamke wa eda akahamie chumba cha mwanamume? Hapo mashemeji zangu watapata la kusema mpaka kiama. Watasema ndiyo sababu walinitoa."

"Sikujua, mama."

"Najua hukujua."

Niliondoka pale nimebeba zile barua kama nilivyokuja nazo. Nikamwambia Shamimu, naye akazunguka dukani kama kuku. Alitaka amchukue yeye nyumbani kwake. Alimwomba mumewe siku hiyohiyo, na mume akamjibu, "Watu wa kwenye kioo hao. Ukimleta mmoja, kesho watakuja na magodoro." Shamimu aliniambia hayo huku anafuta meza ambayo ilikuwa safi. Ndipo akaketi akawaandikia wote, bila kuongeza neno: "Amepatikana. Amesomewa zote. Amesema: Hapo sikuamini."

Siku kadhaa hakuna aliyejibu. Kisha akaandika Muskati. Nimeinakili barua yake nikaikariri, kwa hiyo nakupa kama ilivyo: "Ana haki. Mlango niliosema uko wazi si wangu. Tunalala wanaume wanane chumba kimoja, na pasi yangu ya kusafiria anayo tajiri. Nimewaandikia miaka yote kama mtu mwenye nyumba. Mwambieni." Baada ya huyo akafuata Baridi. Hasomi tena, aliondolewa chuoni siku nyingi, anaosha vyombo hotelini na kwao Moshi hawajui. Mama wa Mombasa akaandika yake, sitaisema. Wote walikuwa wamejipamba, Dada, hao waliotuambia hapo sikuamini, hapo sikuamini. Waliweza kugundua uongo wa kila mtu kwa sababu walikuwa wanaishi nao.

Nilirudi Segerea nikamsomea hizo. Alisikiliza bila kukohoa. Nilipomaliza ya Muskati akanisimamisha.

"Hapo nimeamini," akasema. Halafu akasema, "Maskini. Wanane?"

Hilo lilikuwa jambo jema pekee, na halikusaidia kitu. Muskati na wenzake saba chumba kimoja Uarabuni, Baridi jikoni Ujerumani, mimi na kifua changu Tegeta, na yeye kwenye mkaa Segerea. Tulikuwa tumepatana kwa kweli kwa mara ya kwanza, na hapakuwa na hata mmoja wetu mwenye mlango. Kijiweni wakakubaliana jambo. Hawataandika tena chochote mpaka Mama Ndimu aandike kwanza. Walifanya hivyo kwa heshima, kumwachia nafasi. Nilipomweleza akasema, "Sasa wao wananingoja mimi, na mimi sina pa kuandikia. Mama Bahati alikuwa akinipelekea karatasi kwa mwenzetu wa zamani anipigie kwenye kompyuta ya ofisi, naye sasa amepunguzwa. Waambie waendelee." Shamimu akawaambia. Hakuna aliyeanza. Nadhani waliona haya, baada ya kusema yale waliyosema, kurudi kutunga.

Niliendelea kwenda kila Jumapili nisiyokuwa na lori. Tulizungumza kupitia ile kanga. Siku moja aliniuliza kama nawaandikia nyumbani. Nikasema naandika.

"Uliandika nini mara ya mwisho?"

"Kwamba ni mzima, nimeajiriwa, na mwisho wa mwaka naja."

"Una dada?"

"Ninaye. Ndiye anayesoma."

"Na yeye hukujibu nini akifika hapo?"

Nikasema wewe, Dada, hujawahi kusema kitu, unanitumia salamu na kuniombea safari njema. Akasema, "Basi anakupenda kuliko sisi tulivyopendana." Sikujua kama ni sifa au lawama, na kwa nani.

Eda yake iliisha mwezi uliopita. Kwao mwanamke hatoki eda peke yake. Wanawake wa ukoo wanamwogesha, wanamvika nguo mpya na kumfukiza udi. Ukoo wake uko Rufiji, na ukoo wa mumewe unajua wewe mwenyewe. Asubuhi hiyo Shamimu alifunga duka bila kumuaga mtu, akachukua kanga mpya na chetezo kutoka kwa mama yake, akaenda Segerea. Sijui alimwambia nini mumewe. Yeye na Mama Bahati ndio waliomwogesha. Wawili tu. Mie nilikuwa Wazo na lori la watu wa Bagamoyo. Shamimu ananiambia hawakuzungumza karibu chochote, ila alipokuwa akimfukiza udi, yule mama alimshika mkono akamwambia, "Na wewe ukifika kwako utasema ulikuwa wapi?" Shamimu akamjibu kwamba atasema ukweli. Nilimuuliza Shamimu kama kweli alisema. Akaanza kupanga karatasi mezani. Tangu siku hiyo nilipomuuliza hafungui duka yeye, anafungua shemeji yake, na mimi sikuruhusiwa kuingia.

Mama Ndimu aliondoka kesho yake kwenda kwao Rufiji. Huko hakuna umeme, kompyuta ndiyo usiseme. Mama Bahati hajui kijiji. Nilipofika Jumapili nilikuta kanga imetolewa na magunia ya mkaa yamerudishwa mahali pake. Hajaandika. Kwa hiyo nao hawajaandika, wala hawataandika, na kikundi chote kimezimika hivyo, kila mtu akimngoja mwenzake kwa heshima. Mimi sina wa kuninakilia. Hii ni karatasi ya kwanza ninayoiandika tangu wakati huo, na kama unavyoona ni ya mfuko wa saruji. Ikung'ute kabla ya kuikunja.

Ndiyo maana leo nimekwambia kifua kinabana. Ndiyo maana nimekwambia sijaajiriwa. Nilizoea kufikiri kwamba nawaficha msiumie, lakini nimeona watu waliofichana kwa huruma, na siku mmoja wao aliposema kweli, wakamwambia arekebishe. Dada, ukiniandikia kwamba Mama anaendelea vizuri, nami nisome kweli kwamba anaendelea vizuri. Kama miguu imezidi, andika imezidi.

Nisalimie Mama, mwambie nimeuliza miguu yake na si zaidi. Nisalimie Shemeji Kristofa, na yule wifi yako anayecheka kanisani, na watoto wote. Msalimie baba mdogo, mwambie jembe lake nililoondoka nalo nililiacha njiani Songea, halikuibwa kama nilivyosema. Katekista mwombe anikumbuke.

Nategemea kurudi mwakani, mwezi wa sita, kahawa ikianza kuwa nyekundu. Nimeuandika mstari huo, nikausoma tena kama walivyokuwa wakisoma wale, na sijui niseme nini juu yake. Wewe ndiye utakayeniambia. Ukifika hapo usinitumie salamu wala usiniombee safari njema. Niandikie unavyoona.

Mdogo wako,
Hilmari